Kabla hamjampa mama yangu kalamu: barua ya wazi kwa wakuu wa Medicare na wasimamizi wa hospitali

Kwenu wakuu wa Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee, mnaokaa kando ya Baltimore, na kwenu wasimamizi wa hospitali na kliniki za Marekani,

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza nakijua, ndicho kinachonilisha. Mimi ni mkalimani wa hospitali kwa njia ya simu, huu mwaka wa tisa, nakaa Louisville, Kentucky, na siku ikiwa nzito naweza kuingia vyumba kumi na vitano vya madaktari bila kutoka jikoni kwangu. Ila nimetaka muipokee barua hii kama mama yangu alivyoipokea fomu yenu: karatasi iliyojaa maneno mazito, inayohusu pesa na mwili wa mtu, na aliyeishika hajui imesema nini. Kama mna haraka, tieni sahihi hapo chini tu, tutaelewana baadaye.

Mama ana miaka 74, mtu wa Malindi. Alikuja huku 2008 akafua mashuka katika nyumba ya wazee kwa miaka kumi na mmoja. Kila mshahara ulipoingia ilikatwa asilimia 1.45 ya Medicare, na mwajiri akaongeza kiasi hicho hicho. Mtu akishafanya kazi robo mwaka 40 anapata Sehemu A, ile ya kulazwa, bila kulipa ada ya mwezi. Mama alizipita. Nayasema mapema kwa sababu wapo wanaodhani wazee wetu wanakula sadaka.

Mwaka jana daktari alimwandikia vipimo vya damu, kimojawapo cha vitamini D. Nilikuwa kazini, namkalimania bibi mwingine jimbo jingine, kwa hiyo mama alipelekwa na jirani. Pale mapokezi palikuwa na binti mchangamfu. Alimpa mama kidude cheusi, ukubwa wa kiganja, chenye kioo na kalamu iliyofungwa kwa waya. Kwenye kioo hapakuwa na fomu. Palikuwa na mstari mmoja na neno moja la Kiingereza. Fomu yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta ya yule binti, na kompyuta ilikuwa imempa mama mgongo. Miwani ya mama ilikuwa mkobani, hakuona haja ya kuitoa, kwani mstari hauhitaji miwani. Akatia sahihi.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini aliitikia salamu. “Binti wa watu amenichekea, ameniita mama, nimwambie sitii? Angeniona sina adabu.” Kwetu kuna msemo kwamba mgeni hachomi chaza mtaani akanuka. Mama ni mgeni huku tangu 2008 na bado hajachoma chaza.

Neno letu sahihi lina maana mbili, mnafaa mlijue hilo. Ni alama ya mkono wa mtu chini ya karatasi, na ni jambo lililo kweli, lisilo na kosa. Mama alipotia sahihi yake alidhani anathibitisha jambo lililo sahihi, kwamba yeye ni yeye na amefika siku hiyo. Kumbe amekubali deni.

Bili ilikuja baada ya wiki saba: dola 187. Nilipoomba nakala ya kile alichotia sahihi niliambiwa nitumie ombi la maandishi. Nikatuma. Ilipokuja nilikaa nayo mezani, na nyinyi mlioitunga mtaijua hata nikiieleza kwa Kiswahili. Ni ukurasa mmoja unaoitwa ABN, wenye visehemu vya herufi A mpaka J. Hutolewa pale kliniki inapotarajia kwamba Medicare huenda isilipe huduma ambayo kwa kawaida huilipia, kwa kuwa ugonjwa wa mtu hauonekani kuihitaji, au kwa kuwa imefanywa mara nyingi mno. D ni huduma yenyewe, E ni sababu ya kutolipiwa, F ni makadirio ya gharama. Halafu inakuja G, moyo wa fomu, yenye visanduku vitatu.

Kisanduku cha kwanza: naitaka huduma, pelekeni dai Medicare waamue. Huenda mkanitoza sasa hivi, lakini Medicare wakikataa nina haki ya kukata rufaa, na wakilipa mtanirudishia changu, ukiondoa sehemu yangu ya kawaida. Kisanduku cha pili: naitaka huduma, msiipeleke Medicare, nitalipa mwenyewe. Hapo hakuna rufaa, maana hakuna uamuzi wa kukatia rufaa. Cha tatu: siitaki huduma, na sitadaiwa.

Kwa mtu asiye na uhakika, tofauti kati ya cha kwanza na cha pili ni mlango na ukuta. Juu ya visanduku hivyo fomu yenu yenyewe imeandika, kwa herufi zinazosomeka, kwamba mgonjwa achague kimoja tu na kwamba watoa huduma hawawezi kumchagulia. Kwenye nakala ya mama alama ya X ilikuwa katika kisanduku cha pili. Ilikuwa X iliyopigwa na kompyuta, imenyooka kama rula. Sahihi yake chini ilikuwa imetetemeka na kupanda juu ya mstari, kama anavyoandika siku zote. Na katika F, makadirio: dola 35.

Sina ugomvi na fomu. Hili nataka lieleweke, kwa sababu watu wengi wa kwetu wakiisikia habari hii husema fomu ni mtego. Si mtego. Ni ngao, ila imetupwa ikiwa imegeuzwa. Kanuni zenu wenyewe ni nzuri kuliko nilivyotarajia: inatakiwa itolewe mapema mtu apate kufikiri, isiwe wakati wa dharura wala kwa shinikizo. Haitakiwi kutolewa kwa kila mgonjwa kama kalenda ya mwaka mpya. Makadirio yanatarajiwa yasipishane na gharama halisi kwa zaidi ya dola 100 au asilimia 25, kubwa kati ya hizo mbili, na 35 kwa 187 imepita pote. Ikitiwa sahihi kwenye kompyuta, mtu awe na haki ya kuomba ya karatasi, na aondoke na nakala. Na pale ambapo fomu ilitakiwa ikatolewa ovyo, au isitolewe kabisa, mzigo wa gharama unamwangukia aliyetoa huduma, si mgonjwa.

Yote hayo niliyaandika katika barua mbili. Baada ya ya pili deni lilifutwa, bila maelezo, bila samahani. Sawa. Tatizo ni kwamba mama ana binti anayeijua fomu kwa herufi zake. Jirani aliyempeleka siku ile, naye mzee, alikuwa na bili ya namna hiyo hiyo mwaka uliotangulia. Aliilipa kwa mafungu ya dola 20.

Sasa niwaambie yanavyokuwa upande wangu wa simu. Ya wagonjwa sitayasema, ni amana. Nitasema ya kazi. Simu inalia, najitambulisha kwa namba. Nasikia korido, mlango unafungwa, kisha sauti ya haraka: mwambie hii ni fomu tu, kwamba Medicare wasipolipa atalipa yeye, atie sahihi hapa. Hiyo “hapa” mimi siioni. Sijui ni ABN au ni kitu kingine, sijui kama F ina namba au iko wazi. Nakalimani kilichosemwa. Upande wa mgonjwa kimya. Halafu: “Haya, sawa.” Sekunde kumi na mbili, na mahali fulani panaandikwa kwamba mkalimani alikuwepo.

Wakalimani tuna miiko. Wa kwanza ni kusema yote yaliyosemwa, bila kupunguza wala kuongeza. Wa pili ni kutoshauri. Kwa hiyo siwezi kumwambia bibi wa watu, “Uliza ni kiasi gani kwanza.” Mdomo wangu pale si wangu. Ninachoruhusiwa ni kusema: mkalimani anaomba fomu isomwe ili aifasiri yote. Nikisema hivyo mara nyingine nasikia pumzi ikishushwa. Sina chuki na anayeishusha, ana watu wanne kwenye foleni na meneja anayehesabu dakika. Nilijaribu nyumbani, nikaisoma ABN nzima kwa Kiswahili, pole pole, mama akiuliza maswali yake. Dakika tisa. Nani kati yenu amempa mtu wa mapokezi dakika tisa?

Na Kiswahili kipi? Idara yenu ya Sensa hututia kapu moja, “Kiswahili au lugha nyinginezo za Afrika ya kati, mashariki na kusini,” kana kwamba mtu wa Bukavu, wa Tanga na wa Soweto wamezaliwa nyumba moja. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe neno bima, lililotufikia pwani kwa biashara na Wahindi, wazee wengi wa Kivu hawalijui. Kwao ni assurance, kwa Kifaransa, na hospitali ni lopitalo. Mkalimani mzuri anageuza neno bila kuombwa. Mashine haigeuzi. Nimewahi kushika tangazo la kliniki lililotafsiriwa na kompyuta, limeandikwa kwamba “huduma hii haijafunikwa.” Nilimsomea mama. “Haijafunikwa na nini?” akauliza. “Na kawa?” Tulicheka, lakini mtu anayeamua kama atapimwa au hatapimwa hawezi kuamua kwa neno kawa. Kanuni za 2024 chini ya kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 zimesema wazi: maandishi yanayogusa haki au matibabu ya mtu, yakitafsiriwa na mashine, lazima yapitiwe na mfasiri binadamu anayestahili. Lile tangazo hakulipitia mtu.

Kifungu hicho hicho kinakataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mwingine. Nani asiyejua linalofanyika? Mjukuu wa miaka kumi anaambiwa muulize bibi yako. Hajui rufaa ni nini kwa lugha yoyote. Anamwambia bibi yake alichoelewa, yaani kwamba hawa wanataka jina lako, na bibi anamwamini kwa sababu mtoto anasoma shule ya Wamarekani.

Mtaniambia mambo yamebadilika: Machi 2025 Rais alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuifuta amri ya 2000 iliyozitaka idara za serikali ziwahudumie wasiojua Kiingereza. Najua, tuliisikia habari hiyo kazini na wengine wakaanza kutafuta kazi za ghala. Lakini amri ya Rais haifuti sheria iliyopitishwa na Bunge. Kifungu cha 1557 kipo, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ipo.

Kuna karatasi nyingine ambayo inanikera kuliko ABN, inaitwa MOON. Ina jina la mwezi lakini haimulikii mtu kitu. Mzee anapelekwa hospitali usiku, anavalishwa lile gauni lililo wazi mgongoni, anapewa kitanda, chakula, dripu, analala usiku mmoja, miwili, mitatu. Ukimuuliza yuko wapi atakwambia nimelazwa. Kwa vitabu vya hospitali hajalazwa. Yuko “chini ya uangalizi,” ni mgonjwa wa nje aliyelala ndani. Akitoka pale akahitaji nyumba ya uuguzi, Medicare ya kawaida huilipia tu ikiwa amelazwa kweli siku tatu mfululizo, na usiku wa uangalizi hauhesabiwi. Hata vidonge vyake vya kila siku alivyopewa kitandani vinaweza kuja kama bili. Sheria ya 2015 iliwaagiza mumjulishe mtu huyo, na tangu 2017 akikaa katika uangalizi zaidi ya saa 24 lazima apewe hati hiyo kabla ya saa 36 kutimia, na aelezwe kwa mdomo. Kwa mdomo! Hilo ni neno zuri kuliko yote katika sheria yenu. Lakini mdomo usemao nini, kwa lugha gani? Kiswahili hakina neno moja la hali hiyo na hakitakuwa nalo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba mtu aliyelala hospitali siku tatu anaweza kuwa hajalala hospitali. Inabidi mkalimani aombe nafasi ya kueleza, na maelezo yanachukua muda, na muda ndio hamtaki kuutoa.

Wasio wa Medicare nao wana karatasi zao. Tangu 1 Januari 2022, kwa sheria ya bili za kushtukiza, asiye na bima anastahili makadirio ya maandishi kabla ya huduma iliyopangwa, na bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi anaweza kuipinga. Mwenye bima anayeombwa kuziacha kinga zake kwa daktari asiye katika mtandao wa bima yake anatakiwa apewe hati saa 72 kabla, ikiwa miadi iliwekwa mapema. Na wazee walio katika mipango ya kampuni binafsi, ile inayoitwa Medicare Advantage, ABN haiwahusu hata kidogo. Wao wana haki ya kuitaka kampuni itoe uamuzi kabla ya huduma, lakini wengi waliuziwa mpango kwa simu na hawajui kama bado wako Medicare ya kawaida au wamehama.

Ninachoomba ni kidogo, na bei yake mnaijua. ABN mmeitoa kwa Kiingereza na Kihispania. Itoeni kwa Kiswahili, ni ukurasa mmoja, na nitawapitia bure kama tatizo ni fedha. Msiruhusu sahihi ya mtu ipokewe kwenye kioo ambacho fomu haionekani. Kama skrini ni ya mgonjwa, igeuzeni imtazame mgonjwa, kwani ina kiwiko. Mkimwita mkalimani wa simu kwa karatasi yoyote yenye pesa ndani yake, mtumieni karatasi hiyo, au tumieni ya video, aione F kabla hajasema “sawa” kwa kinywa cha mtu mwingine. Mwongozo wenu umeshasema msaada wa lugha uliotolewa uandikwe katika sehemu ya maelezo ya ziada, ile H. Kwa mama H ilikuwa tupu, nyeupe, na ningefurahi hata kama ingeandikwa “hakuna.”

Na dakika tisa. Zilipieni. Mnalipa kwa kuchoma sindano, mnalipa kwa kusoma picha ya mfupa. Mtu wa mapokezi anayeeleza fomu vizuri hana mstari wake popote katika hesabu zenu, ndiyo maana anaharakisha.

Kwa wenzangu mtakaoisoma hii kabla haijawafikia wenyewe: 1-800-633-4227 ni simu ya Medicare, na ukisema “Swahili” ukasubiri, unaletewa mkalimani. Kila jimbo lina washauri wa bima ya wazee, hawatozi kitu, wanaitwa SHIP. Mkishatia sahihi ABN kwa kisanduku cha kwanza na Medicare wakakataa, rufaa ya kwanza ina siku 120 tangu mpokee ile taarifa yao ya madai. Taarifa hiyo imeandikwa kwamba si bili, na ndiyo kwanza watu huitupa.

Mama nimemfundisha maneno matatu ya Kiingereza: show me paper. Sarufi yake haijanyooka lakini inafanya kazi, ameijaribu duka la dawa. Bado anaona haya. Juzi aliniuliza kama kuna namna ya kusema hivyo huku ukiweka mkono kifuani, kama tunavyofanya sisi tunapomkatalia mtu jambo kwa heshima. Nikamwambia weka tu, wataelewa au hawataelewa.

Miadi yake mingine ni Jumanne, saa tatu asubuhi, vipimo vile vile. Nimeomba ruhusa kazini, nimekataliwa. Atakwenda na jirani tena. Amesema mara hii miwani ataivaa tangu mlangoni.

Mkalimani, Louisville, Kentucky